Nichague bunduki gani ya upepo kwa mashindano ya shabaha?

Swali

Mzee Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari katika Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza. Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria, na huko ndiko nilikogundua kwamba kulenga shabaha ni jambo ninalolipenda kwa dhati na kwamba mkono wangu hutulia. Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia michezo ya Olimpiki, hasa shindano la bunduki ya upepo la mita 10, na sasa nimeamua kuanza mazoezi ya kweli ili siku moja nishindane.

Akiba niliyoweka katika SACCOS ya walimu inatosha bunduki moja tu. Nikikosea kuchagua, itanichukua miaka kupata nyingine. Niko njia panda kwa sababu nimeletewa mapendekezo matatu. Mfanyabiashara mmoja anayefahamiana na mume wangu ana bunduki mpya ya upepo ya milimita 5.5 yenye darubini, na anaisifia kwamba inaangusha ndege umbali wa mita 50. Binamu yangu anayeishi Ujerumani, ambaye ni mwanachama wa klabu ya shabaha, amepata bunduki mbili za mashindano zilizokwisha kutumika: moja ina mtungi wa hewa wenye tarehe ya mwaka 2009, na nyingine ni Feinwerkbau ya miaka ya 1980 inayojazwa hewa kwa kuvuta wenzo wa pembeni. Anasema kwao hazihitaji leseni, hivyo atanitumia yoyote mara nitakapomjibu. Mwalimu mwenzangu naye ananishauri niachane na bunduki, ninunue bastola ya upepo, kwa maelezo kwamba gharama zake ni ndogo.

Suala la kujaza mtungi halinitishi, kwa sababu jirani yetu ni fundi wa kuchomelea vyuma na amesema ataujaza kwa gesi yake bila malipo. Mahali pa mazoezi pia ninapo: tunaishi Bwiru, na nyuma ya nyumba kuna mawe makubwa ambayo nadhani yatazuia risasi. Nikuongezee kwamba ninatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu.

Naomba unielekeze.

Mwalimu, Ilemela

Jibu

Marahaba, Mwalimu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kutoa fedha. Sitafuata mpangilio wa barua yako, kwa maana limo jambo moja lisiloweza kungoja.

Mtungi wa bunduki usijazwe kwa jirani yako, hata mara moja, hata kwa majaribio. Gesi anayoitumia fundi wa kuchomelea ni oksijeni, pamoja na asetilini au gesi nyingine ya kuwaka, na oksijeni safi ikiingia kwa mgandamizo mkubwa ndani ya chombo chenye chembe za mafuta, grisi au mpira, inaweza kuviwasha vitu hivyo papo hapo na kuupasua mtungi ukiwa mikononi mwako, karibu kabisa na shavu lako. Mtungi wa bunduki ya mashindano hujazwa hewa ya kawaida tu, iliyochujwa na kukaushwa. Najua jirani amesema hivyo kwa wema, lakini mweleze waziwazi ili asije akamsaidia mtu mwingine kwa njia hiyo. Kompresa ya fundi wa matairi nayo haikufai, ingawa kwa sababu nyingine: kwa kawaida huishia karibu na bar 8 au 10 (bar ni kipimo cha mgandamizo), ilhali mitungi ya bunduki hizi hujazwa hadi bar 200, na mingine hadi 300.

Tuje sasa kwenye uchaguzi wenyewe. Shindano unalolitamani, ambalo limekuwamo katika Olimpiki tangu Los Angeles mwaka 1984, lina masharti yanayokata maneno ya wauzaji wengi. Bunduki ni lazima iwe ya milimita 4.5, uzito wake usizidi kilo 5.5, na darubini hairuhusiwi. Mlengaji huchungulia kitundu kidogo kilicho nyuma na kuliweka duara jeusi la shabaha katikati ya pete iliyo mbele ya mtutu. Unapiga risasi 60 ukiwa umesimama, ndani ya dakika 75 kama shabaha ni za kielektroniki. Shabaha yote, kuanzia ukingo wa pete ya kwanza upande mmoja hadi ukingo wa upande wa pili, ina kipenyo cha milimita 45.5, na kumi yenyewe, yaani sehemu ya katikati yenye alama 10, ni kidoa cha nusu milimita. Tangu mwaka 2013 alama za bunduki huhesabiwa kwa desimali, hivyo risasi iliyotua katikati kabisa hupata 10.9, na mchezaji ambaye hakukosea hata chembe angefikisha 654.

Kwa masharti hayo, bunduki ya mfanyabiashara inaanguka kwenye ukaguzi kabla hujafyatua: ni ya milimita 5.5 na inategemea darubini. Hata kama angekuletea ya milimita 4.5 ya aina ileile, ningekuambia uiache. Bunduki za namna hiyo, zile zinazokunjwa mtutu ili kubana springi, zimetengenezwa kwa ajili ya nguvu. Unapovuta triga, springi inausukuma pistoni mzito mbele kwa kishindo, na bunduki inaruka mikononi kabla risasi haijatoka mtutuni, kwa hiyo kila tofauti ndogo ya jinsi ulivyoishika inaonekana kwenye karatasi. Mazoezi yako yangegeuka kuwa ya kuizoea bunduki hiyo, na hutaipeleka kwenye mashindano kamwe. Bunduki ya mashindano, kinyume na watu wanavyodhani, ni ya taratibu: risasi yake hutoka kwa mwendo wa mita 170 hivi kwa sekunde. Nguvu zaidi ya hapo haina kazi kwenye mita 10. Kinachotakiwa ni kwamba bunduki itulie na ifanye jambo lilelile kila mara.

Zinabaki mbili za binamu yako, na hapa ndipo penye uamuzi hasa.

Ile yenye mtungi ni ya aina inayotumiwa na karibu washindani wote wakubwa leo. Haina teke la kusumbua, haikulazimu kuvuta wenzo baada ya kila risasi, na mtungi ukijaa unatosha mechi nzima pamoja na mazoezi yake. Kosa lake ni tarehe uliyoitaja. Watengenezaji wa mitungi hiyo huipa muda wa kutumika usiozidi miaka 10, na kanuni za kimataifa zinamwajibisha mchezaji kuhakikisha kwamba mtungi wake haujapita muda huo. Mtungi wa mwaka 2009 ulikwisha mwaka 2019. Kwa hiyo bei aliyotajiwa binamu yako si bei kamili. Iongezee mtungi mpya, kisha iongezee na njia ya kupata hewa hapa Mwanza. Njia salama ni mbili: kompresa ya wazamiaji, ambayo hutoa hewa kavu kwa mgandamizo wa kutosha, au pampu maalumu ya mkono inayofika bar 200. Pampu hiyo inafanya kazi, lakini ni jasho jingi, nayo inavuta hewa ya kwetu ya ufukweni yenye unyevu wa ziwa. Bila kichujio cha kukausha, maji hujikusanya ndani ya mtungi na kwenye valvu, na kutu huanza mahali usipopaona. Kama hujapata mtu mwenye kompresa ya wazamiaji ambaye utamtegemea mwezi baada ya mwezi, utakuwa na bunduki nzuri iliyolala kabatini.

Feinwerkbau ya wenzo haina shida hiyo hata kidogo. Unaufungua wenzo wa pembeni hadi mwisho, unaurudisha, na katika mwendo huo mmoja unabana hewa ya risasi moja tu. Unaweka risasi, unalenga. Hakuna mtungi, hakuna pampu ya kubeba, hakuna tarehe ya kuisha. Bunduki za familia ya 600 za kampuni hiyo zilianza kutoka mwaka 1984 na zilitawala mashindano makubwa kabla ya mitungi ya hewa kushika nafasi, na usahihi wake kwenye mita 10 bado unamzidi mbali mtu anayeanza. Sikufichi upungufu wake: wenzo unahitaji nguvu kiasi, na unapaswa kuishusha bunduki baada ya kila risasi, jambo linalovunja mkao wako. Lakini anayeanza anahitaji kushusha bunduki, kupumzika na kuujenga mkao upya kila mara, kwa hiyo katika mwaka wa kwanza sioni hasara yoyote hapo. Tena huko Ulaya bunduki za wenzo zilizotumika huuzwa kwa mamia ya euro, wakati mpya ya mtungi ya daraja la juu hupita euro 2,000. Tofauti hiyo ndiyo itakayonunua risasi, koti la kulengea na sanduku la kunasia risasi.

Ushauri wangu, basi, ni ile ya wenzo, kwa sharti kwamba inakufaa wewe mwenye mkono wa kushoto. Sharti hili nalikazia kuliko jina la kampuni. Kitako cha mtu wa kulia kina kipande cha shavu kilichochongwa upande wa kushoto wa bunduki, na mshikio wake umekaa kwa kiganja cha kulia. Ukikishika kwa kushoto, shavu lako linakosa mahali pa kukaa na jicho linatangatanga nyuma ya kitundu. Zipo zenye kitako cha kushoto na zipo zenye kitako kisichobagua mkono, kwa hiyo mtake binamu apige picha za pande zote mbili, na akuonyeshe wenzo uko upande gani. Kabla ya hapo, hakikisha ni jicho lipi linalotawala. Nyoosha mikono yote miwili mbele, kutanisha viganja ubakishe kitundu kidogo kati yake, kitazame kitu cha mbali kama taa ya mtaani kupitia kitundu hicho, kisha fumba jicho moja baada ya jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu likiwa peke yake ndilo linalotawala. Likiwa la kushoto, kila kitu kimepangika. Likiwa la kulia, usikimbilie kununua kabla hujajaribu kushika bunduki kwa bega la kulia, kwa sababu wapo watu wa kushoto wanaolenga vizuri zaidi kwa kulia.

Ufaafu wa mwili ni zaidi ya mkono. Bunduki ikiwa imesimama sawasawa begani, kichwa kinapaswa kubaki wima, na kiwiko cha mkono unaobeba kikae juu ya nyonga ili mifupa ndiyo ibebe uzito badala ya misuli. Kitako kinachorefushwa na kufupishwa, na kipande cha shavu kinachopanda na kushuka, vina thamani kubwa kwako. Triga nayo itakushangaza ukikumbuka ile ya JKT: kanuni hazikuweka uzito wa chini kwa triga ya bunduki ya upepo, na nyingi hufyatuka kwa gramu 100 hivi, yaani kidole kikigusa tu. Kidole kikae nje mpaka utakapokuwa umelenga.

Kuhusu bastola, mwenzako hakukosea katika gharama, kwa kuwa bastola haihitaji koti wala suruali nzito za kulengea. Huo hata hivyo ni mchezo mwingine: mkono mmoja ulionyooshwa, triga isiyopungua gramu 500, kumi yenye kipenyo cha milimita 11.5. Wewe umeandika barua nzima ukiitamani bunduki. Fuata unachokipenda, maana mazoezi haya ni ya miaka na yanachosha.

Sasa sheria, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Binamu yako anasema kweli kuhusu kwao: Ujerumani, bunduki ya upepo isiyozidi jouli 7.5, yenye alama ya herufi F ndani ya pembetano, huuzwa kwa mtu mzima bila leseni. Ruhusa hiyo inaishia mpakani mwao. Kwetu silaha zinasimamiwa na Jeshi la Polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mzigo wenye bunduki ukifika bandarini au uwanja wa ndege bila kibali, maelezo kwamba ni ya michezo hayatakuokoa. Nenda kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya yako, ukiwa na picha ya bunduki, kipimo chake na barua inayoeleza kusudi lako, uulize utaratibu wa kibali cha kuingiza na kumiliki, na upate jibu kwa maandishi kabla hata senti haijatoka SACCOS. Zungumza pia na afisa michezo wa manispaa. Kwa maoni yangu, walimu watano mkiomba kama klabu, mkiwa na mahali maalumu pa mazoezi na kabati la chuma lenye kufuli, mtaeleweka upesi kuliko mtu mmoja anayetaka kuweka bunduki nyumbani.

Mahali hapo pasiwe nyuma ya nyumba yako. Mawe ya Bwiru ni mazuri kuyatazama, lakini ni kitu kibaya kabisa cha kupigia risasi. Risasi ya bunduki ya upepo ikigonga jiwe gumu hurudi, na kwa kuwa jiwe ni mviringo na lina mikunjo, huwezi kujua itarudi kwa nani: kwako, kwa mtoto anayepita kwenda kuteka maji, au kwenye dirisha la jirani. Tumia sanduku la chuma lenye bamba lililoinama ndani, linaloitupa risasi chini badala ya kuirudisha, na nyuma yake pawe na ukuta usio na mlango. Ukumbi wa shule wakati wa likizo, au ghala tupu lenye urefu wa mita 15 hivi, unafaa zaidi kuliko uwanja wa wazi, kwani unakukinga pia na upepo wa ziwa wa mchana. Mlango ufungwe, kila aliyemo avae miwani ya kukinga macho, na bunduki isiyotumika ibaki wazi ikiwa na uzi wa rangi kali uliopitishwa mtutuni ili kila mtu aone haina risasi. Uzi huo ni sharti hata katika mashindano ya kimataifa.

Unyevu unaoharibu mitungi unaharibu pia mitutu. Baada ya mazoezi, pangusa chuma chote cha nje kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, kwa sababu jasho la mkono huacha alama za kutu, na usiihifadhi bunduki ndani ya begi la sponji lililofungwa. Mafuta yasiingie kwenye chumba cha hewa. Na kwa kuwa risasi hizi ni za madini ya risasi, ambayo ni sumu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, na usile mahali pa mazoezi.

Mjibu binamu yako leo kwamba aishikilie Feinwerkbau bila kuituma. Amuulize muuzaji sili za mpira zilibadilishwa lini, maana bunduki iliyokaa miaka mingi bila kutumika hupoteza hewa hata kama inang'aa. Aifyatue mwenyewe klabuni kwao, ikiwa imefungwa mahali pamoja, risasi kumi kwenye karatasi moja, akutumie picha ya karatasi hiyo pamoja na ya kifaa cha kulengea cha nyuma, kwa kuwa bunduki nyingi za zamani huuzwa kifaa hicho kikiwa kimeondolewa na kukinunua peke yake ni ghali. Risasi anunue zenye pua bapa za milimita 4.5, ambazo hutoboa karatasi kwa tundu safi la mviringo kama la mashine ya panchi ofisini, hivyo alama husomeka bila ubishi. Kampuni kama RWS na H&N huzitengeneza kwa vipenyo vinavyotofautiana kidogo, kati ya 4.48 na 4.51, na kila mtutu una kipenyo unachokipenda. Ajaribu aina tatu au nne, aandike ni ipi iliyokusanya matundu karibu zaidi, na aina hiyo uitaje katika maombi ya kibali pamoja na bunduki, ili risasi zisije zikabaki forodhani wakati bunduki imekwisha kufika.